Mkia wa Mosasauri: Kusoma Mifupa Kabla ya Kukanda Udongo

Chukua waya wa sentimita 30, urefu wa rula ya mwanafunzi. Huo ni uti wa mgongo wa mnyama wa mita 6 aliyepunguzwa mara 20. Mbele unafunga fuvu, nyuma yake mbavu, na karibu nusu nzima inayobaki ni mkia. Hadi hapo mkono unafanya kazi bila wasiwasi. Wasiwasi unaanza mwishoni mwa waya. Je, uende umenyooka hadi ncha kama mkia wa mamba, au uupinde? Na ukiupinda, uelekee juu au chini?

Sanamu yangu ya kwanza ya mosasauri niliipa mkia wa mamba, kwa sababu kila mchoro niliokuwa nimeuona ulimchora hivyo. Ilikuwa imeshakauka na kupakwa rangi nilipoona kwa mara ya kwanza picha ya mifupa yenyewe ikiwa imelala kwenye mwamba wake wa chaki. Mkia ulikuwa umepinda. Niliumia sana, na ndiyo sababu ya makala haya. Mnyama aliyetoweka hawezi kujitetea, anachorwa na kufinyangwa tunavyotaka sisi. Anayemfinyanga ana wajibu wa kuuliza kila uvimbe, kila pezi na kila gamba limetoka wapi.

Mosasauri si dinosauri, ni mjusi. Ukoo wake uliingia baharini karibu miaka milioni 100 iliyopita, ukaenea katika bahari nyingi za dunia, na ukatoweka miaka milioni 66 iliyopita pamoja na dinosauri wakubwa wa nchi kavu. Ndugu zake walio hai ni kenge na nyoka. Wataalamu bado wanabishana kati ya hao wawili nani yu karibu naye zaidi, na ubishi huo utatugusa tukifika mdomoni.

Fuvu lililompa jina lilichimbwa katika mapango ya mawe karibu na Maastricht, Uholanzi, karne ya 18. Johann Leonard Hoffmann, daktari wa jeshi aliyekusanya visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, mjini humo, aliamini ni mamba. Petrus Camper, bingwa wa anatomia wa zama hizo, alisema ni nyangumi. Kisha Adriaan Camper, mwanawe Petrus, alikaa akalinganisha mfupa kwa mfupa na mwaka 1799 akatangaza kwamba ni mjusi wa jamii ya kenge. Georges Cuvier wa Paris alimuunga mkono mwaka 1808. Wazee wetu walisema katika msafara wa mamba na kenge wamo, na pale Maastricht msemo huo ulitimia neno kwa neno. Jina Mosasaurus, yaani mjusi wa mto Meuse, lilikuja mwaka 1822, na mwaka 1829 likaongezewa hoffmannii kwa heshima ya yule daktari.

Adriaan hakumshinda baba yake kwa kipaji. Alimshinda kwa kuuliza kila mfupa peke yake unafanana na wa nani, wakati baba alitazama ukubwa na bahari akaona nyangumi. Mfinyanzi anatakiwa kuifuata njia ya mwana.

Tuanze na mkia basi, maana ndiko kosa kubwa lilikodumu muda mrefu zaidi.

Pingili za mkia wa mosasauri, yaani vifupa vinavyounda uti wa mgongo, hazifanani zote. Zile za mwanzo kabisa, nyuma ya nyonga, ni chache. Zina mabawa mapana ya mfupa pembeni, lakini chini hazina kitu. Zinazofuata zina mabawa pembeni na pia tao la mfupa linaloning'inia chini kama herufi V. Za mwisho, ambazo ni nyingi sana, hazina mabawa tena. Zimebaki na mwiba juu na tao chini. Ukiziangalia kwa mbele unaona mkia ukianza na unene wa paja, kisha ukibanwa pembeni hadi unakuwa kama ubao uliosimamishwa kwa ubavu. Hilo lilijulikana tangu karne ya 19, na ndilo lililowafanya wachoraji wampe mkia bapa, mrefu, unaoyumba kama wa mkunga.

Kitu ambacho hakikutiliwa maanani ni kwamba kwenye sehemu fulani ya nyuma, pingili kadhaa zina umbo la kabari. Upande wa juu wa pingili ni mrefu kidogo kuliko upande wa chini. Tofauti ni ndogo, jicho linaipita. Lakini zipange pingili kama hizo kwa mfuatano na mstari hautanyooka hata ukitaka. Utainama kuelekea chini. Unaweza kujaribu mwenyewe kwa vipande vya udongo: kata vigae kumi, kila kimoja ukipunguze kidogo upande mmoja, uvibananishe, uone vinavyojikunja. Zaidi ya hapo, miiba ya juu katika eneo hilo hubadili mwelekeo na urefu, kana kwamba kulikuwa na kitu cha kushikilia juu yake.

Mwaka 2010 Johan Lindgren wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, na wenzake walieleza kisukuku cha Platecarpus, mmoja wa mosasauri, kilichotoka kwenye chaki ya Kansas, Marekani. Kiko katika jumba la makumbusho ya historia ya asili la Los Angeles, kimegawanyika katika mabamba manne, na kwa pamoja kina urefu wa karibu mita 6. Mifupa yake mingi haikutawanyika, imelala ilivyozama. Mkia umeinama chini, na waandishi walihoji kwamba mwinamo huo ni wa mnyama mwenyewe, si ajali ya kuoza. Kama mfupa umeshuka chini, juu yake lazima palikuwa na nyama iliyosimama. Kwa maneno mengine, lilikuwa pezi la mkia lenye panda mbili.

Miaka mitatu baadaye ushahidi wa nyama yenyewe ulitokea Jordan. Ni mosasauri mdogo wa jenasi Prognathodon, na kuzunguka mifupa ya mkia wake mwamba umehifadhi kivuli cha pezi. Panda ya chini ni kubwa na ndani yake unapita uti wa mgongo. Panda ya juu ni ndogo, haina mfupa hata mmoja, ni nyama na nyuzi tupu. Mtu yeyote aliyewahi kumwona papa sokoni atashangaa, kwa sababu kwa papa ni kinyume. Kwake uti wa mgongo unapanda kwenye panda ya juu. Hapa wengi wanakosea kwa mara ya pili. Wanasikia kwamba mosasauri alikuwa na mkia kama wa papa, wanafinyanga mkia wa papa, na waya unaelekea juu.

Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo ni hili: pinda waya kuelekea chini, taratibu, katika sehemu ya nyuma ya mkia, kisha ujengee panda ya juu kwa udongo mtupu bila waya. Usiukunje ghafla kama kiwiko, maana pingili zinagawana mwinamo. Na panda mbili usizifanye sawa. Wala usimpe kila mosasauri pezi la ukubwa uleule. Wa kale zaidi mikia yao ilikuwa imenyooka zaidi, na waliokuja baadaye, kama Plotosaurus wa California, walikuwa na pezi lililokomaa. Chagua kwanza unamfinyanga nani na wa wakati gani.

Kuna jambo jingine la mkiani ambalo halionekani nje, ila linabadili umbo. Kwa Mosasaurus na ndugu zake wa karibu, matao ya chini yameungana kabisa na pingili. Kwa Platecarpus na Tylosaurus, mosasauri wa koo nyingine, yameshikwa kwa kiungo. Ukipata mchoro wa mifupa ya mkia usio na jina, alama hiyo itakuambia umeshika ukoo gani. Nimeona watu wakichanganya fuvu la mmoja na mkia wa mwingine kwa kutojua hilo.

Sasa nieleze kisa cha kishungi, kwa sababu kinaonyesha jinsi kosa la mtu mmoja mwangalifu linavyoweza kuishi muda mrefu kuliko yeye.

Mwishoni mwa karne ya 19, Samuel Williston alikuwa miongoni mwa watu walioifahamu mifupa ya mosasauri wa Kansas kuliko wote. Katika kisukuku kimoja cha Platecarpus aliona mfululizo wa vitu vyembamba karibu na shingo, akavieleza kama ukingo wa ngozi uliosimama mgongoni. Mwaka 1899 msanii Charles Knight alimchora Tylosaurus akiwa na kishungi hicho, na picha ikawa maarufu. Mwaka 1902 Williston mwenyewe aliandika kwamba alikosea. Vile vitu vilikuwa pete za gegedu za koo la hewa, zile zinazolizuia lisibonyee unapovuta pumzi. Zilikuwa zimehama kutoka mahali pake mzoga ulipokuwa unaoza.

Sahihisho lilichapishwa, lakini kishungi hakikufa. Wachoraji walimnakili Knight, wengine wakawanakili walionakili, na kwa miongo mingi mosasauri wa vitabuni na wa plastiki waliendelea kuvaa koo lao la hewa mgongoni. Hadi leo utawakuta. Mtu aliyefuata picha hakuwa na njia ya kujua. Aliyefuata mfupa angejua, kwa sababu hakuna mwiba wa pingili unaokishikilia kishungi hicho.

Tangu nisome habari hiyo nina daftari la kila sanamu. Ukurasa umegawanywa kwa mistari. Upande mmoja naandika kinachotoka kwenye mfupa, upande wa pili kinachotoka kwenye mabaki ya ngozi na nyama, wa tatu ninachoazima kwa ndugu walio hai, na wa nne ninachoazima kwa wanyama wasio ndugu ila wanaishi maisha yanayofanana, kama papa na pomboo. Ule wa nne ndio wa hatari. Papa ana pezi mgongoni, pomboo analo, basi mkono unataka kumpa na mosasauri. Hakuna kisukuku kilichoonyesha pezi hilo. Nimeuacha mgongo wake mtupu.

Upande wa tatu, ule wa ndugu walio hai, kwetu Afrika Mashariki tunao karibu. Kenge anaoga jua kwenye mawe ya Ziwa Victoria, anapita kwenye mashamba kando ya mito, na anaonekana vizuri bila kwenda jumba lolote la makumbusho. Mtazame anapoingia majini. Miguu ya mbele anaibananisha na mwili, ya nyuma vilevile, na kazi yote inabaki kwa mkia uliobanwa pembeni. Ndivyo safari ya kuelekea mosasauri ilivyoweza kuanza, kwa mjusi anayeacha kupiga miguu. Tazama na ngozi ya shingo inavyojaa anapopumua, mikunjo inayotokea ubavuni anapogeuka, na namna meno yasivyoonekana hata kidogo akifumba mdomo. Mjusi ana midomo. Mamba ndiye anayetembea na meno nje. Sanamu nyingi za mosasauri zina meno ya mamba yaliyochomoza huku mdomo umefungwa, na hilo limeazimwa kwa asiye ndugu.

Lakini kuazima kwa kenge kuna mpaka. Kenge ana shingo ndefu na tundu la sikio lililo wazi. Mosasauri ana pingili 7 tu za shingo, fupi, na kichwa kinaungana na mwili bila kujivuta. Nyuma ya fuvu lake kuna mfupa mkubwa uliopinda kama kikombe, uliobeba kiwambo cha sikio, na kwa baadhi ya visukuku kiwambo chenyewe kimekutwa kikiwa kigumu kama mfupa. Tundu la sikio la kenge halina nafasi hapo. Weka mbonyeo wa duara usio na kina, uliofunikwa.

Nyonga ndiyo tofauti kubwa zaidi. Kwa kenge imeshikana na uti wa mgongo, ndiyo inayobeba uzito akitembea. Kwa mosasauri wa baadaye imeachana nao, inaelea ndani ya nyama. Mnyama wa namna hiyo hasimami, wala hajiburuti ufukweni kutaga mayai kama kasa. Alizaa majini. Carsosaurus, ndugu wa mapema wa ukoo huu aliyepatikana Slovenia, alielezwa mwaka 2001 akiwa na watoto wasiopungua wanne tumboni. Basi usimweke mosasauri wako juu ya jabali akiota jua, hata kama jabali lingependeza.

Mapezi manne ya pembeni yanasomeka vizuri. Ndani mna mkono kamili, wenye vidole vitano na vifupa vya vidole vilivyoongezeka kupita idadi ya mjusi wa kawaida. Maana ya jina Platecarpus ni kifundo bapa cha mkono. Nje vidole havionekani. Pezi ni kitu kimoja, na ukingo wake wa nyuma umeendelea kupita mfupa kwa ngozi na nyuzi. Mapezi haya yalikuwa ya kuongozea njia, hayakuwa injini, kwa hiyo usiyatanue kana kwamba anapiga kasia.

Mwili nao usinyimwe nyama. Kosa la kawaida ni kuifunga ngozi juu ya mifupa kama nguo iliyolowa, mbavu zikahesabika na mashimo ya fuvu yakaonekana mashavuni. Chaki ya Kansas imewalaza wanyama hawa kwa ubavu na kuwabonyeza, kwa hiyo picha ya kisukuku haikupi upana. Upana unautafuta kwenye mpindo wa mbavu mojamoja. Mbavu za mbele ni ndefu, za nyuma fupi, kwa hiyo kifua ni kirefu kwenda chini na mwili unapungua kuelekea nyonga. Mwaka 2016 watafiti walipima isotopu za oksijeni, yaani atomi zake zinazotofautiana uzito, katika mifupa ya mosasauri wa Marekani na kukadiria joto la mwili la nyuzi 33 hadi 36 hivi, juu kuliko la samaki na kasa wa bahari ileile. Mnyama anayetunza joto majini anahitaji mwili ulioshiba. Nikiwa na shaka kati ya wembamba na unene, nachagua unene.

Kisha ngozi. Hapa ndipo watu wanapoteza usiku mzima, na ningependa kuwaokolea muda huo.

Mwaka 1878 Francis Snow wa Chuo Kikuu cha Kansas alieleza ngozi ya Tylosaurus iliyohifadhika pamoja na mifupa. Magamba yake yana umbo la almasi, kila moja na mstari ulioinuka katikati, na ukubwa wake ni milimita 3.3 kwa 2.5. Soma tena vipimo hivyo. Mnyama mwenye mita kadhaa alikuwa na magamba madogo kuliko punje ya mchele. Sasa mpunguze mara 20. Gamba linakuwa milimita 0.165 kwa 0.125, unene wa karatasi moja na nusu. Hakuna kisu wala sindano itakayokupa hilo. Na ukichonga magamba unayoyaona vizuri kwa macho, tuseme ya milimita 2, umemvika mnyama wako magamba ya sentimita 4, ngozi ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Kwa hiyo ngozi ya mosasauri katika ukubwa huu ni kazi ya msasa. Nasugua udongo uliokauka kwa msasa laini wenye maji, halafu mlaini zaidi, naacha kabla haujang'aa. Ile mistari iliyoinuka kwenye magamba huenda ilivunja mng'ao wa mwanga juu ya mgongo, ndiyo maana rangi ya mwisho naipaka isiyong'aa. Inauma kuacha magamba, kwa sababu watazamaji huyasifu. Ila hesabu ya kugawanya kwa 20 haina huruma.

Rangi nitaipitia haraka. Mwaka 2014 Lindgren na wenzake walichapisha uchunguzi wa ngozi za visukuku vitatu: mosasauri wa karibu miaka milioni 86, kasa wa jamii ya wale wenye gamba la ngozi, na iktiosauri, mtambaazi wa kale wa baharini mwenye umbo kama la pomboo. Katika zote walikuta mabaki ya rangi nyeusi ya melanini. Mgongo mweusi una msingi. Tumbo jeupe ni makisio mazuri, maana viumbe wengi wa bahari ya wazi wako hivyo. Mistari ya pundamilia na madoa mekundu ni hiari ya mfinyanzi, na kwenye daftari langu hayana pa kuandikwa.

Jicho linahitaji uangalifu kuliko rangi. Ndani ya jicho la mosasauri kulikuwa na pete ya vifupa vidogo vilivyopishana, na pete hizo hupatikana. Wengi wanachukua tundu zima la fuvu na kulijaza jicho, anatoka mnyama mwenye mshangao wa kudumu. Sehemu ya jicho inayoonekana nje inakaribia nafasi iliyo wazi ndani ya pete, si ukubwa wa tundu. Ukiwa na mchoro wa fuvu wenye pete, pima hapo. Juu ya utosi kuna kitundu kingine kidogo, kama alichonacho kenge, cha kiungo kinachohisi mwanga. Naweka alama ndogo tu.

Kuhusu ukubwa, angalia sana uwiano wa kichwa na mwili. Mwaka 1967 Dale Russell, mtaalamu wa visukuku, aliandika kanuni rahisi kwamba urefu wa taya la chini la Mosasaurus ni sehemu moja ya kumi ya mwili. Mwaka 2014 taya la mita 1.71 kutoka Penza, Urusi, lilipigiwa hesabu kwa kanuni hiyo na kutoa mnyama wa mita 17.1. Lakini mifupa iliyo karibu kamili ya Prognathodon kutoka Alberta, Kanada, inaonyesha kichwa kikubwa zaidi, karibu sehemu moja ya saba. Kwa kanuni ya saba taya lilelile la Penza linatoa mnyama wa mita 12. Katika sanamu ya moja kwa 20 tofauti ni kati ya sentimita 85 na 60, kwa kichwa kilekile. Usichanganye kanuni. Kama unaye mnyama ambaye mifupa yake imepatikana kwa mfuatano, achana na kanuni zote, pima picha yake kwa rula. Ndiyo sababu hasa ninamfinyanga Platecarpus na si yule jitu la Maastricht ambalo kila mtu analitaka.

Na unapopima, jihadhari na unachokipima. Mifupa iliyosimamishwa kwenye majumba ya makumbusho mara nyingi imejazwa plasta mahali palipokosekana, na iliyosimamishwa zamani ilinyooshwa mkia. Taya za kuuzwa kutoka machimbo ya fosfeti ya Khouribga, Morocco, ni mtego mwingine. Meno ni halisi, ila mara nyingi yamekusanywa kwa wanyama tofauti na kubandikwa kwa gundi na mchanga yaonekane taya moja. Wataalamu wenyewe hawajasalimika. Mosasauri aitwaye Xenodens, aliyetangazwa mwaka 2021 kwa kipande cha taya kutoka Morocco, mwaka 2024 watafiti wengine walihoji kama kipande hicho ni cha kweli. Salama zaidi ni makala za kisayansi zenyewe. Ile ya Platecarpus ya mwaka 2010 na ile ya Jordan ya mwaka 2013 zilichapishwa katika majarida yanayosomwa bure mtandaoni, zina picha kubwa, na simu ya kawaida inatosha kuzifungua.

Kuna sanamu moja ya zamani ninayoiheshimu kuliko nyingi za leo. Mwaka 1854 Benjamin Waterhouse Hawkins aliweka wanyama wa kale wa saruji na matofali katika bustani ya Crystal Palace, London. Mosasauri wake ni kichwa na sehemu ya mgongo tu, vinavyotokeza kutoka majini. Wakati huo fuvu lilijulikana vizuri, mwili karibu haukujulikana kabisa, na maji ya bwawa yakachukua nafasi ya yasiyojulikana. Sanamu bado iko pale.

Nimelikumbuka bwawa hilo wiki hii, nilipofika mdomoni. Ndani ya mdomo wa mosasauri kuna mengi ya kuvutia. Kuna meno mengine juu ya kaakaa, yanayoelekea nyuma kama ya chatu, ya kusukuma samaki kooni. Kuna kiungo katikati ya kila upande wa taya la chini, kinachoruhusu mdomo kutanuka. Ningeweza kuuacha wazi nikayaonyesha yote. Ila mdomo ukiwa wazi ulimi lazima uonekane, na ulimi haukuacha mfupa. Kama ndugu yake wa karibu ni nyoka, ulimi ni wa namna moja. Kama ni wa upande mwingine wa mijusi, ni wa namna nyingine. Kwenye daftari pande zote nne zimebaki tupu mbele ya neno ulimi.

Mdomo nimeufunga. Nje kuna mstari mmoja mwembamba kuanzia chini ya pua hadi nyuma ya jicho, nimeukata kwa ncha ya sindano kabla udongo haujakauka, na kwa mkiani waya umeinama chini.